Uliwahi kuvuta bangi au kutafuna miraa? Mwongozo kamili kwa anayeomba kibali cha usalama Marekani

Kuwahi kutumia dawa za kulevya si lazima kukukoseshe kibali cha usalama cha serikali ya Marekani, yaani ruhusa ya kuona taarifa zake za siri. Wanaokwama, mara nyingi hukwama kwa mambo matatu: walitumia juzijuzi tu, hawakuonyesha wazi kwamba wameacha, au walificha. La tatu ndilo baya kuliko yote. Kosa la zamani hupungua uzito kadiri miaka inavyopita, lakini uongo huanza kuhesabiwa upya siku unayotia sahihi kwenye fomu.

Mwongozo huu unawalenga raia wa Marekani wenye asili ya Afrika Mashariki na Kongo wanaoomba kazi jeshini, wizarani, au kwa makampuni yenye mikataba ya serikali, zikiwemo kazi za ukalimani wa Kiswahili. Sheria ni ile ile kwa Wamarekani wote. Ila sisi tuna mambo yetu ambayo miongozo ya Kiingereza huyaruka: miraa, vidonge vilivyonunuliwa duka la dawa la nyumbani bila cheti cha daktari, na fomu za uhamiaji tulizojaza miaka ya nyuma.

Kama bado hujapata uraia, soma hapa kwanza

Kibali cha usalama hutolewa kwa raia. Asiye raia anaweza, kwa nadra sana, kupewa ruhusa ya kuona taarifa fulani tu, na hiyo haihesabiwi kuwa kibali. Mwenye grini kadi anaweza kujiunga na jeshi, na huko anaweza kukutana na fomu zinazouliza kuhusu dawa za kulevya. Hapo ndipo hatari ilipo. Tangu Aprili 2019, mwongozo wa idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, unasema wazi kwamba kujihusisha na bangi kunaweza kumkosesha mtu sifa ya mwenendo mwema inayotakiwa ili apewe uraia, hata kama jimbo analoishi limeihalalisha. Kukiri bila kuhukumiwa kunaweza kutosha kukuletea matatizo. Hatusemi udanganye. Tunasema umwone wakili wa uhamiaji kabla ya kuandika chochote.

Aliyekwisha kula kiapo cha uraia naye ana kazi ya kufanya. Tafuta nakala ya fomu yako ya kuomba uraia, N-400. Fomu hiyo huuliza kama uliwahi kufanya biashara ya dawa za kulevya, na kama uliwahi kutenda kosa lolote ambalo hukukamatwa kwalo. Ukijibu hapana mwaka 2022, kisha kwenye fomu ya kibali ukaandika kwamba ulinunua bangi kuanzia 2020 hadi 2021, umejitengenezea karatasi mbili zinazogombana, na zote mbili zina sahihi yako. Wakili azione zote mbili kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma.

Kipimo kinachotumika

Maombi yote hupimwa kwa waraka mmoja uitwao SEAD 4, ulioanza kutumika tarehe 8 Juni 2017. Una vigezo 13, kuanzia A hadi M. Dawa za kulevya ziko kwenye kigezo H. Uongo na kuficha viko kwenye kigezo E. Kukamatwa na kushtakiwa viko kwenye J. Tendo moja linaweza kukugusa kwenye vigezo vyote vitatu. (Ndugu walio nyumbani na fedha unazowatumia ni habari ya kigezo B, na hicho kinahitaji mwongozo wake.)

Kigezo H kinatazama matumizi yoyote, kupimwa na kukutwa na dawa mwilini, kununua, kuuza, kupanda au kuhifadhi, kutambuliwa na daktari kuwa na uraibu, kuacha matibabu njiani, kutumia ukiwa tayari na kibali, na kusema kwamba utaendelea au kushindwa kusema waziwazi kwamba umeacha. Yanayokusaidia nayo yameandikwa: ilikuwa zamani, au mara chache, au katika mazingira ambayo hayaelekei kurudi; unakiri, unaonyesha hatua ulizochukua, na una kipindi cha kuacha kinachoonekana; dawa ulipewa kwa ugonjwa mzito nawe umekwisha acha kuitumia vibaya; au umemaliza matibabu pamoja na ufuatiliaji wake, hukurudia, na mtaalamu wa afya ameandika kwamba unaelekea vizuri.

Juu ya waraka huo kuna sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 2008, iitwayo Bond, inayokataza idara yoyote kumpa kibali mtu anayetumia dawa kinyume cha sheria kwa sasa, au mraibu. "Kwa sasa" ndiyo kiini. Hakuna idadi ya miezi iliyowekwa ambayo ukiivuka unakuwa salama, na anayekuahidi namba anakudanganya. Tunaloweza kusema ni kwamba mwaka mzima wa kuacha bangi ya kujiburudisha unasimama vizuri zaidi kuliko miezi mitatu, na kwamba kokeini, heroini au vidonge vya usiku wa klabu vinadai muda mrefu kuliko bangi.

Kuhusu bangi yenyewe, Desemba 2021 Avril Haines, akiwa mkuu wa idara zote za ujasusi, alitoa maelekezo kwamba matumizi ya zamani ya kujiburudisha yana uzito lakini peke yake hayaamui kesi. Maelekezo hayo hayo yanataka mwombaji aache kabisa tangu mchakato unapoanza, nao huanza unapotia sahihi fomu. Colorado, California au Minnesota zimehalalisha, lakini anayetoa kibali ni serikali ya shirikisho, na sheria yake ndiyo inayokuhukumu.

Hatua ya 1: Andika historia yako kabla ya kufungua fomu

Chukua daftari. Kwa kila kitu ulichotumia andika jina lake, mwezi na mwaka wa mara ya kwanza, mwezi na mwaka wa mara ya mwisho, mara ngapi kwa jumla au kwa mwezi, ulikipataje, nani alilipa, ulikuwa wapi na nani, na kwa nini uliacha. Tumia picha za simu, tarehe za mikataba ya nyumba na ratiba za chuo kukumbuka. Panapokuwa na mashaka andika "kadirio", na usichague tarehe kwa sababu tu inakupendeza.

Halafu kusanya kila karatasi ambayo uliwahi kuulizwa kuhusu dawa: fomu za kuandikishwa jeshini, dodoso la afya la mwandikishaji, maombi ya polisi, fomu ya kibali cha zamani, N-400. Linganisha. Kesi nyingi zinazoharibika huharibikia hapa. Mtu alimwambia mwandikishaji "sijawahi", miaka minne baadaye anaandika "mara ishirini", na sasa swali limehama kutoka kwenye bangi kwenda kwenye ukweli wake. Kusema "mwandikishaji ndiye aliyeniambia nikane" hakukuondolei kosa. Sahihi ni yako.

Hatua ya 2: Pambanua vitu ambavyo hukuvihesabu kuwa dawa

*Miraa, au mirungi, au gati.* Nchini Kenya ni zao la biashara halali, na mtu wa Meru anaweza kukuona wa ajabu ukiiita dawa ya kulevya. Marekani, kilevi kiitwacho kathinoni kilichomo kwenye majani mabichi kiko Daraja la I la orodha ya serikali ya dawa zinazodhibitiwa, kundi moja na heroini. Majani yakinyauka, katika siku mbili hivi, kathinoni hupungua na kubaki zaidi kilevi hafifu kiitwacho kathini, nacho kiko Daraja la IV la orodha hiyo. Kwa hiyo miraa kavu inayotumwa kwa posta kama majani ya chai bado ni kosa. Ukipokea kifurushi cha namna hiyo, huulizwi tena kuhusu kutafuna tu, unaulizwa pia kuhusu kununua na kuingiza nchini. Forodha wakikikamata, kumbukumbu hubaki na jina na anwani yako.

Je, aliyetafuna akiwa likizo Nairobi, mahali inaporuhusiwa? Swali la fomu linahusu matumizi kinyume cha sheria, lakini kigezo H ni kipana kuliko swali hilo. Ushauri wetu ni kuitaja, na kwenye nafasi ya maelezo useme nchi, mwaka, na kwamba huko ni halali. Ikitajwa hivyo ni mistari mitatu tu. Ikiibuliwa na jirani yako aliyehojiwa, itahitaji kikao kizima. Tanzania ni habari nyingine, kwani huko mirungi imepigwa marufuku, na aliyetafuna Arusha hawezi kudai ilikuwa halali.

*Vidonge.* Tramadoli iko Daraja la IV Marekani tangu 2014, na diazepamu, ambayo wengi tunaiita valiamu, vilevile. Kununua dukani nyumbani bila cheti, kubeba kwenye begi na kuendelea kumeza ukiwa Houston kunahesabika. Kupewa na shangazi kidonge chake cha maumivu ya mgongo kunahesabika. Mwanafunzi aliyemeza Adderall, dawa ya kuongeza umakini, ya mwenzake usiku wa mtihani, naye anahesabika, na hawa ndio wanaosahau zaidi kuandika.

*Bidhaa za CBD, dutu ya mmea wa bangi isiyolevya.* Sheria ya kilimo ya 2018 iliruhusu katani isiyozidi asilimia 0.3 ya THC, kiini kinacholevya, lakini vibandiko haviaminiki na bidhaa nyingine zina zaidi. Kipimo cha mkojo cha shirikisho kwa bangi huanzia nanogramu 50 kwa mililita, na uthibitisho nanogramu 15. Ukipita hapo, kusema ilikuwa mafuta ya kujipaka goti hakukusaidii sana. Kwa ukali huo huo, Februari 2023 Wizara ya Ulinzi iliwaonya wanajeshi waache vyakula vyenye mbegu za popi, kwa kuwa zinaweza kuonekana kwenye kipimo cha mkojo.

*Fedha na kazi.* Hisa ulizonunua kwa kujua katika kampuni ya bangi zinaweza kuhojiwa. Mfuko mkubwa wa uwekezaji ulio na kampuni kama hizo ndani yake, bila wewe kuzichagua, kwa kawaida si tatizo. Aliyefanya kazi kwenye duka la bangi anajibu swali la usambazaji, hata kama hakuvuta hata siku moja.

Hatua ya 3: Acha, na uache alama

Siku ya kuacha ni kabla ya kutia sahihi. Rudisha au futa kadi ya bangi ya matibabu uliyopewa na jimbo, na utunze uthibitisho; kwa shirikisho kadi hiyo haina nguvu. Kama unaishi nyumba moja na mtu anayevuta, hama au mkubaliane kwa maandishi kwamba hakuna kuvuta ndani. SEAD 4 inataja waziwazi kujitenga na watumiaji na kubadili mazingira. Kuendelea kukaa baraza moja na marafiki wale wale kila Ijumaa huku ukisema "mimi sivuti tena" hakumshawishi anayepima.

Kisha andika tamko. Wengi hulipuuza, ilhali limetajwa kwenye SEAD 4 kwa jina. Liwe fupi, kwa Kiingereza, lenye tarehe na sahihi, likisema kwa maneno haya au yanayofanana nayo:

"Ninakusudia kutojihusisha kabisa na dawa za kulevya wala kutumia vibaya dawa yoyote. Ninaelewa kwamba kujihusisha nazo wakati wowote baadaye ni sababu ya kuninyang'anya sifa ya usalama wa taifa."

Sehemu ya pili ndiyo husahaulika, na bila hiyo tamko halitimizi kile SEAD 4 inachokitaka. Kama ulikuwa na uraibu, tamko halitoshi: tafuta cheti cha kumaliza matibabu, kumbukumbu za ufuatiliaji, na barua ya mtaalamu.

Hatua ya 4: Jaza fomu ya SF-86

Hii ndiyo fomu ya kuomba kibali. Hujazwa mtandaoni kwenye mfumo wa eApp baada ya mwajiri kukudhamini. Ni ndefu, ya kurasa zaidi ya 100, kwa hiyo usiijaze usiku mmoja. Maswali ya fomu za uchunguzi hurekebishwa mara kwa mara. Jibu lililo mbele yako kwenye skrini, usijibu ulilolisoma kwenye mwongozo, hata huu.

Kifungu cha 23 ndicho cha dawa. Kwa matumizi, kununua, kuuza na kutumia vibaya dawa za hospitali, kinauliza miaka 7 iliyopita. Lakini kuna maswali yasiyo na kikomo cha miaka: kutumia ukiwa na kibali, na kutumia ukiwa polisi, mwendesha mashtaka, mtumishi wa mahakama au kwenye kazi inayogusa moja kwa moja usalama wa umma. Maswali ya matibabu na ushauri yasome polepole, yana kipimo chake. Hakuna msamaha kwa kuwa ulikuwa chini ya miaka 18. Kama uko na miaka 22 na ulivuta ukiwa na 16, iko ndani ya miaka 7.

Kifungu hicho kina ahadi ambayo wachache huisoma: majibu yako ya kweli hapo, na taarifa zitokanazo nayo, hayatatumika kama ushahidi dhidi yako katika kesi ya jinai. Uongo hauna ahadi hiyo. Kudanganya serikali ya shirikisho kwa makusudi ni kosa lenye kifungo cha hadi miaka 5.

Sanduku la maelezo litumie. Linganisha haya mawili. La kwanza: "Nilijaribu bangi mara kadhaa chuoni." La pili: "Bangi, kwa kuvuta. Mara ya kwanza Septemba 2021 (kadirio), mara ya mwisho Desemba 2022. Takribani mara 10, kwenye mikusanyiko ya wanafunzi. Nilichangia fedha mara 2, kati ya dola 10 na 20. Sikuuza wala kusambaza. Niliacha nilipoanza kutafuta kazi. Sina mpango wa kutumia tena." La kwanza linamlazimisha mpelelezi kuchimba. La pili linampa cha kuthibitisha.

Swali "unakusudia kutumia tena?" linataka ndiyo au hapana. Aliyeandika "labda ikihalalishwa" amejikaanga kwa mafuta yake.

Kifungu cha 22 nacho kinakugusa. Mashtaka yoyote ya pombe au dawa huulizwa bila kikomo cha miaka, hata kama kesi ilifutwa au faili lilifungwa na mahakama ya jimbo. Msamaha ni mwembamba: hukumu za shirikisho za dawa za kulevya zilizofutwa kwa amri maalum chini ya sheria mbili zilizotajwa kwenye fomu yenyewe. Wakili wa jimbo aliyekuambia "kesi imefutwa, sema haijawahi kutokea" alikuwa akizungumzia mwajiri wa kawaida.

Kabla ya kutuma, hifadhi nakala nzima. Utaihitaji siku ya mahojiano na kwenye fomu inayofuata.

Hatua ya 5: Mahojiano

Uchunguzi mwingi hufanywa na shirika la DCSA la Wizara ya Ulinzi. Mpelelezi akija, mwombe kitambulisho chake. Ataongea na wewe, na kwa ngazi ya Top Secret (siri kuu) ataongea pia na majirani, wakubwa wa kazi na watu uliokaa nao. Baadhi ya idara za ujasusi huongeza kipimo cha kugundua uongo.

Jibu kwa namba na tarehe. Namna yetu ya kusema kwa kuzungukazunguka, "ah, mambo ya ujana hayo", ni ya heshima sebuleni, lakini hapa inasikika kama kuficha. Kama hukumbuki, sema hukumbuki, kisha toa makadirio ya chini na ya juu. Usiwataje watu kwa kubahatisha. Na ukigundua kuna ulichosahau kuandika, kiseme mwanzoni kabisa, kabla hujaulizwa: kigezo E kinamsamehe anayesahihisha mwenyewe kwa haraka na nia njema kabla hajawekewa ushahidi mezani. Ukingoja dakika kumi, mpaka mpelelezi afungue faili, nafasi hiyo imekwenda.

Usichanganye kibali na masharti ya kazi

Idara inaweza kukukataa hata kama ungepata kibali. FBI, kwa mfano, haimwajiri aliyetumia bangi ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, wala aliyetumia dawa nyingine haramu ndani ya miaka 10. Soma ukurasa wa ajira wa idara husika kwanza. Kukataliwa huko hakumaanishi umenyimwa kibali, wala usikuandike hivyo.

Vivyo hivyo kibali cha muda, kinachoweza kutolewa huku uchunguzi ukiendelea. Kikikataliwa kwa sababu ya bangi ya mwaka jana, uchunguzi unaendelea na uamuzi kamili bado. Wengi huona barua hiyo wakakata tamaa na kujitoa, jambo ambalo ni hasara tupu.

Hatua ya 6: Ikija barua ya sababu

Kwa mfanyakazi wa kampuni ya mkataba chini ya Wizara ya Ulinzi, barua hiyo, inayoeleza kwa nini serikali inakusudia kukunyima kibali, huorodhesha kila tuhuma kwa namba yake. Una siku 20 tangu uipokee. Ukihitaji muda zaidi, omba mapema kwa maandishi. Jibu kila namba kwa "nakubali" au "nakataa", kwa kiapo, na uongeze maelezo. Jibu moja la jumla kwa tuhuma zote hurudishwa.

Kisha chagua: kikao mbele ya jaji wa kiutawala wa DOHA, ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayosikiliza mashauri ya vibali, au uamuzi wa makaratasi. Sisi tunapendelea kikao. Kesi za dawa hugeuka juu ya kuaminika kwa mtu, na karatasi haimwonyeshi mtu. Ukichagua karatasi utatumiwa faili la serikali na kupewa siku 30 kulijibu. Peleka tamko lako, vipimo safi vya mkojo vya tarehe tofauti, barua za wakubwa wa kazi wanaojua tatizo lenyewe (barua ya asiyejua haina uzito), na uthibitisho wa kuhama au kubadili marafiki. Maamuzi ya DOHA huchapishwa bila majina na yako wazi kwa umma. Soma matano yanayofanana na kesi yako kabla ya kumlipa wakili.

Ukishindwa, taarifa ya rufaa hutakiwa ndani ya siku 15, na bodi ya rufaa haipokei ushahidi mpya. Baada ya hapo kuomba tena ni mpaka mwaka mmoja upite, na lazima upate mwajiri wa kukudhamini upya, kwa kuwa hakuna anayejiombea kibali mwenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, usiache kazi katikati ya shauri: udhamini ukiisha kabla kikao hakijaanza, kwa kawaida faili husimama bila uamuzi, na mwajiri mwingine akikudhamini siku za usoni, tuhuma zile zile zitakuwa zinakungoja.